Heshima ya Mwalimu

Mimi na mume wangu tulipohamia Annandale, Marekani, nilitaka kusomea uuguzi, na chuo kilichokuwa karibu nasi kilidai nimalize kwanza somo moja la sanaa. Nikachagua sinema za zamani za Ulaya kwa sababu zilifundishwa Jumamosi mchana, saa ambazo sikuwa kazini. Kazi yangu ilikuwa kumtunza mzee aliyepooza: kumwogesha, kumvalisha, kumlisha.

Mume wangu alikuwa amefundisha sekondari huko Kenya, na Wakenya tuliosali nao kanisani Bladensburg waliendelea kumwita Mwalimu. Hawakujua kwamba hapa alikuwa akibeba maboksi kwenye bohari moja mjini Manassas, wala kwamba hata kibarua hicho kilikuwa kimekwisha tangu alipoumia mgongo. Walipouliza, nilijibu mimi. "Yuko ofisini, anasimamia watu." Niliusema uongo huo nikiwa nimeshika Biblia.

Jumamosi moja nikamwomba anisindikize darasani. Alikuwa ameshinda wiki nzima kwenye kochi, hanyoi ndevu, nikadhani picha itamchangamsha.

Ilikuwa filamu ya Kiitaliano isiyo na rangi. Mwashi anaanguka kazini na kuvunjika mguu. Mkewe anakwenda kumhudumia tajiri mmoja mgonjwa, na kila jioni anarudi na chakula. Majirani wananong'ona. Mwishowe mwashi anaichukua sufuria ya supu, anaimwaga barabarani mbele ya mtaa mzima, kisha anaondoka akichechemea.

Taa zilipowashwa, profesa akauliza kama mwashi alifanya haki. Msichana mmoja akasema yule ni mpumbavu tu. Mume wangu akanyoosha mkono, akazungumza kwa Kiingereza chake kizuri, kile ambacho bohari haikuwahi kukihitaji.

"Mimi namwelewa," alisema. "Mke wangu huyu hapa anaogesha wanaume wa watu, na mimi ninakula kwa kazi hiyo. Mwanamume akishafika hapo, heshima yake imekwisha."

Darasa lote likanigeukia. Profesa akamshukuru kwa kusema ukweli wake. Mimi nilitazama viatu vyangu vyeupe vya kazi.

Kwenye gari nilimwambia, "Ungeniambia nyumbani."

"Nyumbani ungenijibu."

"Na kanisani ninavyokuficha?"

"Nani alikuomba unifiche?"

Tangu siku hiyo hakugusa chakula changu. Nilipika, nikala peke yangu, naye akala mkate na chai kwenye kochi. Kabla ya mwezi kuisha alisema anarudi Kenya. Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Alinipa mkono kama mtu anayeagana na jirani.

Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisani walinizunguka. "Dada, mbona Mwalimu hatumwoni?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Badala yake nilisema ameitwa nyumbani, amepewa shule aongoze. Niliona aibu kuwa mwanamke aliyeachwa kwa sababu ya kazi iliyomlisha mumewe.

Habari hiyo waliipenda. Wakampigia simu kumpongeza, naye hakuikana. Aliongezea yake: kwamba alinisihi nimfuate, nikakataa kwa kupenda dola. Mwaka uliofuata alioa mwingine, na pale Bladensburg wakachanga zawadi ya harusi. Karatasi ya majina ikapitishwa hadi kwenye benchi langu.

"Wewe tutakuruka," akasema mama aliyekuwa akiipitisha, kwa upole kabisa. "Tunaelewa ni vigumu. Lakini dada, mume kama yule ulimwachaje aende?"

Nilitaka kumwambia kwamba hakukuwa na shule yoyote. Lakini shule hiyo nilikuwa nimeitunga mimi, na kila mtu kwenye benchi lile alikuwa ameisikia kutoka kinywani mwangu. Nikampasia karatasi mtu aliyekuwa kando yangu. Ibada ilipokwisha nikaenda kazini, na Bladensburg sikurudi tena.