Satelite Yetu Haionekani kwa Macho

Katika shule ya sekondari ya masista nilikuwa wa kwanza darasani miaka yote sita, na rafiki yangu alikuwa wa pili. Tulikaa dawati moja. Yeye alitoka mtaa wa Muhumba, kwenye nyumba yenye maua mbele, baba yake akifanya kazi ya ofisi. Mimi nilitoka Kadutu, na baba yangu alikuwa mchuuzi kwenye machimbo ya Kamituga aliyerudi nyumbani mara mbili tatu kwa mwaka, matope yakiwa yamemkaukia hadi kwenye kola. Mazoezi ya fizikia rafiki yangu aliyanakili kwangu asubuhi kabla ya kengele, nami nilifurahi kunakiliwa.

Mwaka wa mwisho ilitangazwa nafasi ya kusomeshwa Ulaya kwa wasichana wenye hesabu nzuri. Tulijaza dosie zetu za maombi pamoja, mezani kwa mama yake. Wiki mbili kabla ya kuzipeleka, mama yangu alianguka jikoni, na alipopata fahamu upande wake wa kushoto ulikuwa umekufa. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Dosie yangu sikuipeleka. Nilimwambia kila mtu, na mama pia, kwamba nimekataliwa. Rafiki yangu akaenda, mimi nikasoma ualimu hapa hapa Bukavu, na mpaka leo nafundisha fizikia.

Miaka ilipita tukiandikiana salamu za Noeli tu. Halafu siku moja, nikiwa nasahihisha madaftari, nikasikia jina lake redioni. Binti wa Bukavu, mtangazaji alisema, alikuwa miongoni mwa wahandisi waliotengeneza satelite ndogo ya kuchunguza maji ya maziwa ya Afrika, na ziwa letu la Kivu limo. Ilikuwa na ukubwa wa mkate mmoja. Itabebwa na roketi na kuachwa angani.

Sijui nieleze vipi mji ulivyoipokea habari ile. Bukavu umezoea kutajwa redioni kwa mambo ya kusikitisha. Mara hii tulitajwa kwa kitu kinachopanda juu. Ndani ya wiki moja satelite ikawa mali ya kila mtu. Waliiita “mutoto wetu”. Wasusi walitoa mtindo wa nywele uliosimama kama antena. Mwoka mikate mmoja wa mtaa wa Nguba alianza kuuza mkate aliouita satelite, ambao ulikuwa ule ule wa siku zote, na watu walipanga foleni.

Siku ya kurushwa, parokia iliweka projekta katika ukumbi. Mama wa rafiki yangu alikaa mbele kabisa amevaa kikwembe kipya, padri kando yake. Nyuma yangu walisimama wanawake wa sokoni na mabeseni yao ya sambaza, harufu ya samaki ikijaa ukumbi mzima, na hakuna aliyelalamika. Roketi ilipowaka moto na kuanza kupanda, vigelegele vilipasuka. Baba mmoja mzima, fundi wa viatu ninayemfahamu, alilia wazi wazi akisema, “Inaenda! Inaenda, batu ya Mungu!” Mimi nilipiga makofi pamoja na wengine. Nilikuwa nafikiri: yale mahesabu ya mwendo na mvutano, ni mimi niliyemfundisha.

Siku chache baadaye watu walianza kuiona. Jua likishazama, mwanga mweupe ulitokea upande mmoja wa mbingu, ukapita kimya juu ya ziwa bila kupepesa, ukapotea upande wa pili. Habari ilienea. Kila jioni yenye mbingu safi watu walitoka nje, juu ya mabaraza na kwenye ngazi za vilima, wakipunga mikono.

Mtangazaji akanijia shuleni. “Madame, wewe njo unajua hii mambo. Utusaidiye. Kila siku useme kwa redio mutoto wetu atapita saa ngapi.”

Kitu chenye ukubwa wa mkate, umbali ule, hakiwezi kuonekana kwa macho. Nililijua hilo tangu jioni ya kwanza. Mwanga ule ulikuwa kile chombo kikubwa wanamokaa watu, kipana kama uwanja wa mpira, ambacho kilikuwa kikipita juu ya vichwa vyetu miaka mingi bila mtu wa Bukavu kukiangalia. Ningeweza kumwambia pale pale mlangoni. Nilimjibu, “Sawa, nitakuja.”

Nilikubali kwa sababu nilitaka. Dakika tatu kila siku sauti yangu iliingia katika kila nyumba: “Leo, dix-huit heures quarante, saa kumi na mbili na dakika arobaini, muangalie upande wa kusini.” Nyakati nilizitoa kwenye simu, za chombo kile kikubwa. Sokoni waliniita Madame Satelite na kuniongezea nyanya. Nilijiambia kwamba nimepata sehemu yangu. Lakini kila aliyenisalimu aliniuliza habari za rafiki yangu. Anakula nini huko? Ataolewa lini? Wazazi wa wanafunzi waliwaambia watoto wao mbele yangu, “Soma sana, uwe kama yule.” Hakuna aliyesema, soma uwe kama Madame. Nilirudi nyumbani nikikokota miguu, na wivu ukinifuata kama mbwa anayejua mlango.

Ningevumilia hayo yote. Kilichonishinda kilikuwa mama.

Tangu aanguke, mama alikuwa hatoki ndani ila kwa Misa. Sasa kila jioni alidai kiti chake kipelekwe uani. Nilimbeba mimi, nikamfunika shuka, na mwanga ulipotokea aliinua mkono wake mzima, ule wa kulia, akapunga mpaka ulipopotea. Jioni moja akasema kwa sauti ya sala, “Pita salama, mutoto wa watu. Mama yako alizaa.”

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, mikono yangu kwenye mabega yake. Nilimrudisha ndani, nikampa dawa, nikamwosha miguu.

Kesho yake nilikwenda redioni, nikaketi mbele ya kipaza sauti, na badala ya kutaja saa nikasema kila kitu. Kwamba satelite yetu haionekani, haijawahi kuonekana, wala haitaonekana. Kwamba tumekuwa tukipungia chombo cha watu wengine. Nilieleza kama ninavyoeleza darasani, umbali, ukubwa, nuru ya jua. Mtangazaji alinitazama kama mtu aliyeona gari likiteleza kwenye mteremko.

Simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa mwanamume aliyepiga kutoka Sange, sijui hata redio yetu aliipataje huko. “Basi, Madame, tulikuwa tunapungia nani?” Wa pili, mwanamke, hakuuliza kitu. Alisema, “Ni wivu,” akakata.

Mji mzima ukakubaliana naye. Mwuza nyanya wangu alinihudumia bila kuniangalia. Jumapili, tulipopeana amani kanisani, mama wa rafiki yangu alinyoosha mkono kwa wa kulia kwangu na kwa wa kushoto kwangu. Redio ikafunga kipindi. Na jioni watu waliendelea kutoka nje na kupunga vile vile, sasa wakikisia saa wenyewe.

“Niletee kiti,” mama aliniambia.

“Maman, ulisikia redio?”

“Nilisikia. Niletee kiti.” Nilipomkalisha akasema, “Kama hatumuone, ina maana haiko huko juu?” Halafu akaongeza, “Ulisema kweli. Lakini ulisema kama mutu anapiga mutoto.”

Siku tatu baadaye rafiki yangu alinipigia simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata maneno nilikuwa nimeyapanga. Hakugomba.

“Aksanti kwa kusema,” alianza. “Maman alinitumia video zake akipunga. Nilishindwa kumwambia.”

“Wewe hukasiriki?”

“Nisikilize. Iko kitu ingine.” Akashusha sauti. “Imekufa. Siku ya kumi na moja ilinyamaza. Tunaiita, haijibu. Miezi minne sasa. Huko nyumbani hakuna anayejua.”

Nitaandika nilichohisi, kwa kuwa hakuna faida ya kuandika haya kama nitaficha hapo. Nilifurahi. Furaha ilinipanda kifuani, ikabidi niifunike simu kwa kiganja asisikie pumzi yangu. Kisha nikamwambia pole, na niliisema vizuri.

“Utawaambia?” akauliza.

“Hapana,” nilijibu.

Sikukataa kwa wema. Neno moja sokoni lingetosha, na kila aliyenitupia jicho angenyamaza. Lakini mji ulikuwa na picha zake, vigelegele vyake, mama yake. Siri hii nilikuwa nayo mimi peke yangu, na nikailinda kama mtu anayelinda kipande cha shamba. Nilipopita kati ya watu waliokuwa wakipunga, nilijua walichokuwa hawajui, na hicho kikawa chakula changu kwa miezi kadhaa.

Alikuja likizo wakati wa kiangazi. Pikipiki zilimsindikiza kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu hadi mjini zikipiga honi, na ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Alikuwa amekonda. Mimi nilisimama ukutani. Msichana mdogo wa kwaya alimwuliza, kwa heshima, kama satelite yetu haijambo.

Aliangalia ukumbi wote, akaniona, akainama. “Imekufa,” akasema. “Ilikufa kitambo. Niliogopa kuwaambia. Munisamehe.”

Nikasubiri. Nakiri nilisubiri wazomee. Maana niliposema mimi ukweli, walinifanya mwizi.

Hakuna aliyezomea. Mwanamke mmoja wa sambaza aliweka beseni lake chini, akatembea hadi mbele, akamkumbatia. “Pole, mwanangu,” akasema. “Pole sana. Mutoto anakufa, si kosa ya mama.” Na ukumbi mzima ukaanza kusogea mbele, kumfuata.

Walifanya kilio, kama cha mtu aliyekufa. Sitanii. Siku iliyofuata, kwenye uwanja wa nyumba ya Muhumba, viti vya plastiki vilipangwa, bugali na sombe ya majani ya muhogo vikapikwa kwenye sufuria kubwa, wazee wakaja na makoti yao. Wengine walicheka kidogo kuhusu jambo lenyewe, lakini walikuja. Fundi wa viatu alikuja amevaa tai. Mama yangu alinilazimisha nimpeleke, nikamkodia gari, akakaa kati ya wanawake wengine akiwa ameshikwa mkono.

Nilipewa kazi ya kupakua sombe. Nikiwa na upawa mkononi niliwatazama wakimzunguka, na wivu ule ulinijia mkali kuliko siku ya roketi. Siku ya roketi walipenda alichofanikiwa, nalo hilo nililielewa. Sasa walipenda alichoshindwa. Mimi kile kilichonishinda nilikizika peke yangu nikiwa na miaka kumi na minane, nikakipa jina la uongo, “nimekataliwa”, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kunipikia sufuria.

Chakula kilipokwisha, watu walipanga mstari wa kumpa mkono kabla ya kuondoka. Niliweka upawa, nikapanga mstari kama wengine. Zamu yangu ilipofika nilimshika mkono na kusema, “Pole.”

“Na wewe pole,” akanijibu.

Hakuniachia mara moja. Nilitaka kumwuliza kama mama yangu alikisia na kumwambia kitu, au kama siku zote alijua hakuna aliyenikataa, kwamba dosie sikuipeleka. Nyuma yangu kulikuwa na watu wengi, na mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa tayari amenyoosha mkono wake. Nikasogea.