Gari Lisilobadilishwa Kitu

Baba alipokubali hatimaye kurudi Kilimanjaro, alikubali kwa sharti moja: gari liuzwe kwanza, na liuzwe likiwa zima. Mama alikuwa ametangulia mlimani tangu masika, akimsubiri. Duka la jumla ambamo baba aliuza maharage na vitunguu kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, pale Kariakoo, lilikuwa limebaki na rafu tupu na mizani. Bidhaa sasa zilipitia maduka ya ushirika, na kifua chake kilikuwa kimeanza kumbana kila alfajiri. Hakuwa tena na sababu ya kubaki mjini. Mimi, mwanawe pekee aliyekuwa Dar es Salaam, msomi wa chuo kikuu mwenye ofisi, meza na mshahara usiofika katikati ya mwezi, ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta mnunuzi.

Lilikuwa gari la Kimarekani, refu, jeupe juu na kijani kilichopauka chini, lenye nikeli nyingi mbele hata mtu akipita uani huweza kurekebisha kilemba chake kwa kujitazama humo. Baba alilinunua mara tu baada ya Uhuru kwa meneja Mzungu wa shamba la mkonge aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Alibadilisha matairi, betri na plagi, kwa sababu hivyo ni vitu vya kuisha. Vingine karibu vyote vilikuwa vilevile vilivyotoka kiwandani: kabureta, pampu ya maji, taa, viti, hata zulia la chini. Kila Jumamosi alifunua turubai, akaliosha, akaliwasha, akasimama kando akisikiliza, kisha akalifunika tena. Tangu petroli iwe adimu lilitoka kwa nadra sana: sikukuu za kanisani, na arusi ya jirani asiyeweza kukataliwa.

Wa kwanza kuja alikuwa mwenye mashine ya kusaga. Nilifungua boneti kwa fahari ambayo kwa kweli haikuwa yangu.

"Limebadilishwa nini?" aliuliza.

"Hakuna. Hata kitu kimoja."

Aliishusha boneti taratibu, kama mtu anayefunika maiti. "Injini peke yake nitachukua," alisema. "Nitaifunga kwenye mashine yangu. Gari lenyewe, hapana."

Baada yake akaja mwenye baa moja ya Ilala, mtu mnene mcheshi, aliyeingia moja kwa moja kwenye kiti cha nyuma, akajinyoosha, na kumwita baba kwa jina wanaloitwa wafanyabiashara wote wa Kichaga mjini.

"Mangi, viti hivi nikiviweka kwangu, mteja akikaa hainuki mpaka polisi waje. Niuzie viti tu."

"Na mimi nitakalia nini nikiendesha?" baba alimuuliza.

"Kwani unaendesha? Mbona naambiwa linatoka Krismasi na Pasaka, kama nguo ya kipaimara?"

Wapangaji waliokuwa wakifua pale uani walicheka. Baba hakucheka. "Mimi siuzi nyama kilo kilo. Anayetaka achukue ng'ombe mzima."

"Ng'ombe mwenyewe hana maziwa, mzee wangu," alijibu yule mtu, akaondoka akijipangusa jasho.

Wakaja wengine. Mmoja alitaka ekseli atengenezee tela, mwingine alitaka vioo. Wote waliuliza swali lilelile, nami niliwapa jibu lilelile, na kila nilipolitoa niliona nyuso zao zikijifunga. Nilidhani hawana uwezo. Nilikuwa nikitoka ofisini, ambako kazi yangu ilikuwa kuandika hotuba za wakubwa kuhusu kujitegemea, napita kwenye foleni ya sukari, kisha naja kusimama uani kulisifia gari kwa watu wanaotaka kulichinja. Usiku nilisikiliza kikohozi cha baba kupitia ukuta. Nilichoka ule uchovu ambao usingizi hauusaidii. Jioni moja nilimwambia wazi kwamba kwa vipande lingeondoka ndani ya wiki, naye angekuwa nyumbani, mahali penye hewa ya kumfaa.

Hakukasirika. "Nimeona maduka yakitawanywa," alisema. "Nimeona nyumba za watu zikigawanywa chumba chumba. Sisemi ilikuwa vibaya, wewe msomi ndiye unayejua. Lakini hili moja liondoke likiwa kitu."

Nilijua kwamba mlimani hapandi mpaka liondoke hivyo.

Jumamosi moja akaja mfanyabiashara wa vitambaa, Mhindu aliyekuwa jirani yake wa duka kwa miaka mingi. Aliishi Upanga katika fleti moja na mama yake, mkewe, ndugu zake wawili na watoto wa wote hao, na gari lake dogo lilikuwa limekufa.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mangi yupo?"

Alilizunguka mara kadhaa. Alifungua mlango wa nyuma, akapima urefu kwa kiganja. "Mama yangu ataingia hapa bila kuinama," alisema, kama anayejisemea. Kisha akauliza swali lile. Safari hii baba alijibu mwenyewe.

"Hakuna kilichobadilishwa. Wewe unanijua."

"Ndiyo shida yake, Mangi."

"Shida?"

"Langu lililokufa lilikuwa hivihivi, lote la kiwandani. Pampu ikapasuka. Nimeandika Ulaya, kimya. Nairobi mpaka umefungwa. Leo liko juu ya matofali, watoto wanalichezea. Sasa itazame ile teksi ya pale mtaa wa pili. Kabureta ya Mfaransa, pampu ya lori la Mwingereza, breki sijui za nani. Inatembea kila siku! Ikigoma, kila fundi wa mtaa wa Gerezani anajua mkono uingie wapi. Hili lako halijawahi kuugua mjini hapa. Likiugua, nani anajua dawa yake?"

"Kwa hiyo nimelitunza bure?"

"Sijasema bure, ndugu yangu. Nimesema siwezi kulinunua."

Nilisimama pale nikihesabu upya kila uso uliojifunga mbele yangu. Nilichokuwa nikikitangaza kama sifa, wao walikisikia kama onyo.

Jumamosi iliyofuata baba hakufunua turubai. Kisha, jioni moja, akiwa ameinamia sahani ya wali ambayo hakuigusa, alisema, "Kesho omba ruhusa kazini. Tunaenda Gerezani."

Fundi alikuwa chini ya kibanda cha mabati, amezungukwa na vyuma vya kila taifa. Alitega sikio, akaingiza kichwa ndani ya boneti, akakitoa akishangaa.

"Mzee, kabureta hii nzima kabisa. Nitoe niweke mbovu zaidi?"

"Toa. Weka ile ambayo hata kesho unaweza kuitengeneza. Na pampu pia."

"Pampu nayo nzima!"

"Kijana, nimesema toa."

Baba alikaa juu ya pipa la mafuta, akaligeuzia gari mgongo na kutazama barabara. Fundi alikata kipande cha bati nene, akakipiga tupa, akakipima, akakipiga tena, mpaka mdomo wa kabureta ya Kifaransa ukakubali kukaa juu ya injini ya Kimarekani. Jua lilikuwa limeinama alipowasha gari. Zamani injini ile ilikuwa kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Sasa ilikohoa, ikatikisika, ikakohoa tena, hatimaye ikashika mwendo wake.

"Sasa limekuwa la kwetu, mzee," fundi alisema kwa furaha.

"Kweli," baba alisema. "La kwenu."

Nilimpelekea habari mfanyabiashara wa Upanga. Alikuja Jumapili asubuhi na mapema, maana baada ya saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani, na alikuja na mama yake. Alifungua boneti, akakiona kile kipande cha bati kilichopigwa tupa, akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa mtaani kwao. Walizunguka mpaka Upanga na kurudi. Yeye alishuka, lakini mama yake, bibi mdogo wa umbo mwenye sari nyeupe, alibaki amekaa katikati ya kiti cha nyuma.

"Mwambie ashuke, hatujapatana," baba alisema.

"Nimemwambia. Anasema ameshafika."

Baba alicheka, mara ya kwanza tangu masika, mpaka kikohozi kikamkatiza. Walipatana wakiwa wamesimama, bila kelele. Baba alipotoa ufunguo mfukoni aliushika kidogo, kisha akasema, "Vipuri vile vya zamani nimevifunga vizuri kwenye buti. Siku ukipata mtu wa kuvijua, virudishe."

"Nitavirudisha, Mangi."

Hakungoja litoke uani. Aliingia ndani, akajilaza kitandani na viatu vyake, na nilipochungulia alikuwa amelala usingizi mzito. Nje wapangaji walikuwa tayari wanafunga kamba za kuanikia nguo pale palipokuwa na turubai. Nilimvua viatu. Kisha nikaenda kwa miguu mpaka kituo cha mabasi ya mikoani, ambako foleni ilikuwa imeshapinda kona, nikasimama nyuma ya mama mmoja mwenye kuku kikapuni na kuanza kusubiri tiketi ya mtu mmoja, ya kwenda tu.