Nilimtangaza Shemeji Kuwa Muuaji wa Klachi

Nimekosa, wenzangu. Nimekosa sana, na siwezi kumsingizia shetani, kwa sababu shetani hajawahi kuendesha pikipiki yangu.

Mimi ni mfanyakazi wa serikali hapa Bungoma, mwenye kitambi cha wastani na mdomo usio na breki. Nina pikipiki kubwa, zile za zamani za safari ndefu, kioo mbele, masanduku mawili ubavuni. Niliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ikipita sokoni hata mama wa ndizi anageuka. Mimi nilikuwa nadhani ananiangalia mimi. Haya!

Wikendi nyingi napanda nayo na mke wangu kwenda kwao Saboti, tukipitia Kitale. Huko yuko ndugu yake, shemeji yangu, mtu wa boda. Pikipiki anayobebea watu si yake. Ni ya mwalimu mmoja mstaafu aliyemwamini akampa ufunguo, na kwa hiyo kazi shemeji analisha mke na watoto watatu.

Sasa sikia ujinga wangu. Oili ya pikipiki yangu ilikuwa imezeeka, nikaamua kubadilisha. Fundi wa mtaani akaniambia kwa heshima, "Mzee, hii inataka oili ya pikipiki." Nikacheka! Nikamwambia oili ya pikipiki ni ya boda, hii yangu ni mashine bana. Nikanunua oili ya gari, ile ya bei kali kabisa, chupa imeandikwa inapunguza msuguano. Nikamsomea maneno yote kwa sauti kama mhubiri. Fundi akarudi kwenye kazi yake, nami nikaitia mwenyewe nikijua nimemshinda.

Wiki mbili baadaye, tukiwa kwao Saboti, shemeji aliniomba pikipiki ampeleke mama yao hospitali Kitale. Nikampa. Jioni akairudisha, tena ameiosha.

Kesho yake, tukirudi nyumbani, kwenye kilima kimoja kabla ya Kitale, navuta mafuta, injini inanguruma, mshale wa mizunguko ya injini unaruka juu, lakini pikipiki yenyewe inatambaa kama ng'ombe mwenye mimba. Lori la mahindi likanipita! Dereva akanipungia mkono, mshenzi yule.

Hiyo ni klachi inateleza, hata mimi najua. Injini inazunguka lakini nguvu haifiki kwa gurudumu. Na je, nilifikiria ile oili? Wapi! Akili ilikimbia moja kwa moja kwa shemeji. Ati ameendesha huku ameshika klachi nusu nusu, ameunguza pleti za klachi yangu.

Jumamosi nikamfuata steji ya boda pale Saboti. Siku ya soko, watu wamejaa, na yule mwalimu amekaa hapo na kikombe chake cha chai. Sikumwita shemeji pembeni. Nilipaza sauti.

"Huyu ni muuaji wa klachi! Ukimpa mashine umempa panga!"

Watu wakacheka. Kuona wanacheka, mimi nikaongeza. Nikamtaja jina, nikataja ukoo wake, nikasema huko kwao hata baiskeli hawakuwahi kuona.

"Shemeji, si hivyo," alisema. "Nilienda pole pole, nilikuwa nimembeba mama."

"Nyamaza wewe!"

Mwalimu alimaliza chai yake. Jumatatu akamnyang'anya ufunguo.

Nyumbani mke wangu aliniwekea ugali mezani, akasimama. "Baba watoto, umeshiba sasa?" Hata sikuwa nimenawa mikono.

Pikipiki nikaipeleka Kitale kwa fundi mmoja mzee, Kalasinga, anayejua hizi za zamani. Nilienda kifua mbele, nikitaka anipe ushahidi. Kwanza alibonyeza mkono wa klachi, akaangalia kama kebo imekazwa kupita kiasi. Ilikuwa sawa. Akafungua mfuniko, akatoa pleti moja moja, akazipima, akapima na springi. Halafu akachovya kidole kwenye oili, akakisugua, akaniangalia juu ya miwani.

"Nani ametia hii?"

Nikakohoa. "Kwani iko na nini?"

"Ni oili ya gari. Klachi ya gari imekaa mahali pake, kavu. Ya hii pikipiki inaoga ndani ya oili ya injini. Wewe umeipaka kitu cha kuteleza, halafu unakuja kuniambia inateleza."

"Lakini mzee, si mtu anaweza kuwa ameiendesha vibaya?"

Akanipa pleti mkononi. "Ikiungua inakuwa nyeusi, inanuka, inaisha. Hii bado nene. Hakuna mtu ameiharibu. Chupa yako ndiyo imeiharibu."

Wee! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alimwaga ile oili yote, akatia pleti mpya, maana zile zilikuwa zimeshanyonya utelezi, akiziloweka kwanza kwenye oili ya pikipiki, akafunga. Kile kilima nilikipanda kama natelemka.

Nikaenda kumtafuta shemeji. Nilimkuta kwenye shamba la jirani, analimia watu kibarua. Nikavua helmeti, nikamwambia kila kitu, chupa, oili, pleti. Nikamwambia nisamehe, shemeji yangu.

Akaegemea jembe. "Siku ile pale steji tulikuwa watu wangapi?"

"Kama ishirini hivi."

"Na leo?"

Nikaangalia huku na huku. Tulikuwa yeye, mimi, na ng'ombe aliyefungwa kwa kamba.

"Nimekusikia, shemeji," akasema. "Sasa enda umwambie mwalimu. Pale pale, siku ya soko." Akarudi kulima.

Jamani, Jumamosi tatu zimepita. Zote tatu nimefika pale steji. Mwalimu yuko pale na chai yake, na nasikia ule ufunguo bado hajampa mtu. Ningesimama dakika mbili tu! Lakini nikiona wale watu, nateremsha kioo cha helmeti, naongeza gia, napita. Klachi inashika vizuri kabisa.

Kwa hivyo wewe unayesoma, pikipiki yako ikinguruma bila kwenda, angalia kwanza ulichotia kwa mkono wako, kabla hujafungua mdomo mbele ya watu. Usiwe kama mimi. Nilipomwaibisha mwenzangu nilimtaja kwa jina lake na la ukoo wake, na hapa, pamoja na kuungama kwangu kote, sijaweza kuandika jina langu.