Ukurasa wa Ishirini na Saba

Mashine ya fotokopi ilipoumeza ukurasa wa ishirini na saba, Mama Kopi, mwenye kibanda langoni mwa chuo, hakuwa na nia mbaya. Ilikuwa wiki ya mitihani, foleni ya wanafunzi imefika barabarani, na notisi za somo la Sera za Uchumi Mkuu zilikuwa nakala moja tu, iliyoandikwa kwa mkono na profesa mzee aliyekuwa amesafiri asubuhi ileile. Aliuvuta ukurasa, ukatoka vipandevipande. Akatazama wa ishirini na sita. Uliishia na maneno "serikali ikikopa sana kwenye benki za ndani, riba". Wa ishirini na nane ulianza na "hushuka, na wafanyabiashara hujitokeza kukopa". Sentensi ikaungana yenyewe, utadhani hakukuwa na kitu katikati. Akafuta namba za kurasa kwa wino mweupe, akaziandika upya, akaendelea na kazi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Na akapita, kwa miaka kumi na mitatu. Profesa alistaafu hukohuko alikokwenda, nakala ya Mama Kopi ikawa ndiyo asili, na kila mwaka vijana walinunua, wakakariri, wakafaulu, wakaajiriwa. Baadhi waliingia hazina, wengine benki kuu. Walipita kibandani kwake wamevaa tai, wakimwambia, "Mama, bila wewe tusingefika hapa." Hawakujua walivyosema kweli.

Sasa mtu akisimama miaka yote hiyo kando ya mashine, atafanya nini kama si kusoma kinachopita? Mama Kopi alisoma mfumuko wa bei, akasoma kodi, akasoma nakisi ya bajeti, mpaka uchumi ukamwingia damuni. Alipofika miaka arobaini na saba alijiandikisha masomo ya jioni. Wifi yake, fundi cherehani, alicheka mpaka akaangusha sindano.

"Wifi yangu, wenzio wanaota mvi, wewe unaota digrii?"

Alikuwa anaiota kweli. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuona haya kusema hivyo.

Mwaka wa mwisho, maktabani, alifungua kitabu kinene ambacho kwa vumbi lake hakikuwa kimeguswa na mtu. Kitabu kilisema serikali ikikopa sana ndani, riba hupanda, maana wakopaji wameongezeka na fedha ni zilezile, na wafanyabiashara hubaki wamesukumwa pembeni. Ili ishuke, ni lazima benki kuu iongeze fedha kwenye mzunguko. Maelezo hayo yote ndiyo yaliyokuwa kwenye ukurasa uliochanika. Mama Kopi akakirudia kifungu kile tangu mwanzo.

Mtihani ulipouliza kinachotokea kwa riba serikali inapokopa ndani, aliandika ukweli, kurasa tatu. Akapata thelathini na mbili. Pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu, "Haya umeyatoa wapi?"

Lilikuwa somo lake la mwisho, na mtihani wa marudio huwa mmoja tu. Ukianguka, unafutwa chuo. Alimwendea ofisini mhadhiri aliyeusahihisha. Alikuwa kijana nadhifu, na yeye pia aliwahi kununua notisi zile kibandani.

"Mwalimu, riba hupanda," alisema. "Kitabu kipo maktaba."

"Mama, vitabu viko vingi. Sisi hapa tuna notisi."

"Notisi zina pengo. Kuna ukurasa niliuchana mimi mwenyewe."

Akamweleza yote bila kujitetea. Mhadhiri alisikiliza huku akiizungusha kalamu vidoleni. Tasnifu yake nzima ya uzamivu ilihusu riba inayoshuka. Ndiyo iliyompa cheo, na ofisi yenye feni.

"Kuna mwingine anayejua?" aliuliza hatimaye.

"Mimi na mashine."

"Basi," alisema kwa upole, "marudio ni Jumanne. Jibu la swali lile unalijua, mama. Wewe ndiye uliyelitunga."

Jumanne swali lilirudi lilelile. Mama Kopi akafungua kalamu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na nani angempa pole katika chumba kile, ambamo kila kalamu ilikuwa tayari inashusha riba? Alifikiria jioni za miaka mitatu, akafikiria kufutwa. Kisha akaandika "hushuka", kwa mwandiko mzuri, na akaeleza sababu ambazo hazikuwepo.

Matokeo aliyachukua akiwa na wifi yake. Alikuwa amepata themanini na nane. Chini ya jibu lile mhadhiri alikuwa ameandika, "Hongera. Sasa umeelewa."

Mama Kopi alilia kwa aibu, palepale koridoni, asiweze kujizuia. Wifi yake akadhani ni furaha, akampigia vigelegele.