Spika za Kusikia Jikoni

Juma hili, katika duka jipya la kompyuta hapa Dodoma, nilimkuta mama mmoja wa Miyuji akichagua vifaa vya kuunda kompyuta ya gemu, ili mwanawe aache kushinda kwenye mabanda ya gemu ya mtaani.

"Mama, anza na kadi nzuri ya picha," fundi alimshauri. "Spika hizi ndogo zinatosha."

Mama alizisukuma pembeni, akakumbatia zile kubwa. "Fundi, nataka nikiwa jikoni nisikie kwamba mwanangu yupo."

"Na majirani je?"

"Nao wajue yupo."

Fundi alizifunga. Nyumba yangu iko kimya tangu Bwana alipomtwaa mke wangu. Nilimsogelea fundi, nikauliza kama spika huuzwa peke yake.