Chuchu ya Nne ya Ng'ombe wa Dada

Niliondoka machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo kwa sababu dada yangu Kabula alivunjika mguu, akalazwa Shinyanga mjini. "Mtoto amebaki kwa Mama Shija," alisema kwenye simu. "Anategemea maziwa ya ng'ombe wangu mmoja. Nenda ukamkamue. Umezurura vya kutosha."

Alasiri nilifika kwake, karibu na Mhunze. Mama Shija, jirani yake, alinipa ndoo. "Mwache ndama anyonye kwanza," akaniambia. Sikumsikiliza. Machimboni, ukimwacha mwingine atangulie shimoni, utakuta mawe matupu. Ndama nikamfunga mbali, nyuma ya nyumba, penye majani.

Asubuhi ya kwanza nilipata nusu kikombe. Nikaona ng'ombe ananibania, nikamchapa fimbo. Kesho yake nilipata matone tu.

"Umezoea kupiga miamba," Mama Shija akanicheka.

Siku ya nne robo moja ya kiwele ilikuwa imevimba na ina moto. Nilimwita bwana mifugo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndama yuko wapi?"

Nilipomwonyesha, alitikisa kichwa. "Ndama akinyonya, ubongo wa ng'ombe unaachia homoni, oksitosini. Inapita kwenye damu mpaka kwenye kiwele, inabana vifuko vya maziwa, maziwa yanashuka. Umeizuia isitoke, maziwa yamebaki ndani, ndiyo yameleta uvimbe huu. Na fimbo ndiyo kabisa, hofu inafunga kila kitu."

"Ikishatoka, inakaa muda gani?"

"Dakika chache. Ini na figo vina vimeng'enya vinavyoikatakata. Kwa hiyo ukamue upesi."

Alimchoma ng'ombe sindano, akatukataza maziwa yake mpaka dawa iishe mwilini. Siku hizo mtoto alikunywa uji mtupu.

Jioni ya siku ile ya sindano nilimfungua ndama. Alisukuma kiwele kwa kichwa, akanyonya kidogo, chuchu zikajaa mbele ya macho yangu. Nilikamua upesi, nikamwaga. Chuchu tatu zilitoa vizuri. Ya nne ilitoa maji yenye mabonge, na baada ya siku chache ikakauka.

Wiki ya tatu Kabula alirudi na magongo. Alikipapasa kiwele, akafika kwenye ile chuchu, akaishika kwa muda mrefu.

"Nilikuomba kitu kimoja, kaka," alisema.

Asubuhi ya kurudi Mwakitolyo nilipita zizini kuaga. Ng'ombe aliponiona alirudi nyuma mpaka akagusa miti ya boma. Sikuwa na fimbo. Nimejifunza kwamba oksitosini huisha kwa dakika chache. Ile hofu haikuisha; niliiacha pale zizini, na anayekamua sasa ni Kabula.