Barua Nilizozikataa Kabla ya Kuzisoma

Miaka ile ya elfu mbili nilisimamia kundi la barua pepe la watu wanaoandika programu za kompyuta hapa Nairobi. Nilikuwa karani wa ofisi mjini, kidato cha nne ndiyo shule yangu yote, na kompyuta nilijifunza nikiwa na mvi. Nadhani walinichagua kwa kuwa nilikuwa mkali. Kila barua ilinipitia kwanza, nami niliamua kama inahusu programu au haihusu. Ploti za kuuza, vichekesho na mialiko ya harusi nilivikataa bila kufikiri mara mbili.

Zilizonisumbua ni za maombi. Nilikuwa mzee wa kanisa kule Uthiru, lakini wanachama walilalamika kwamba kundi limegeuka mkesha. Basi nikajiwekea sheria: barua ikianza na "Bwana asifiwe", nje. Mstari wa tatu sikuufikia.

Kila mwezi tulikutana Westlands kunywa chai. Jumamosi moja mama mmoja nisiyemjua akavuta kiti mbele yangu.

"Wewe ndiye yule mzee wa kufuta?"

"Ni mimi. Nimekufuta?"

"Mara mbili. Ya kwanza uliniambia niende kwa pasta. Ya pili nikapunguza maombi, bado ukanifuta."

Meza nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameiandikia kliniki moja ya mtaa wa Satellite programu ya kuweka rekodi za chanjo za watoto. Stima ikipotea, kazi ya asubuhi yote inapotea nayo. Daktari alikuwa amempa mpaka Jumatatu. Akishindwa, kliniki inarudia kuandika vitabuni kwa mkono na yeye hana kazi.

"Sasa mbona ukaanza na maombi?" nikamuuliza.

"Ningeanzaje, mzee? Niingie kwa watu bila kusalimia?"

Mimi mwenyewe sijawahi kuandika barua isiyoanza hivyo.

Tukashuka hadi saiba ya intaneti iliyokuwa ghorofa ya chini, nikafungua barua zilizokataliwa, nikaisoma yake ya pili yote. Chini ya salamu kulikuwa na swali safi kuliko mengi niliyowahi kuyapitisha, pamoja na kipande cha programu chenyewe. Nikaituma kwa kundi. Juu yake niliandika kwamba kosa ni langu, kwamba sikuisoma.

Jibu la kwanza, tukiwa bado pale saiba, lilikuwa la kunicheka. La pili lilikuwa dawa: programu ilikuwa inashikilia rekodi zote hadi mtu aifunge, ndipo izihifadhi. Afadhali ihifadhi rekodi ya kila mtoto pale pale anapoandikwa. Yule mama alisoma mara moja, akajipiga paji la uso, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda Satellite, nikamkuta yule mama amekwisha kuirekebisha programu. Daktari aliandika watoto watatu, akasema, "Haya, tuone," akachomoa plagi ukutani. Skrini ikawa nyeusi. Akairudisha. Kompyuta ile ilikuwa kuukuu, ikachukua muda wake kuamka. Kisha watoto watatu wakatokea, na tarehe zao.

"Wako wote," daktari akasema. "Endelea na kazi, mama."

Niliketi kwenye benchi la wagonjwa. Nesi akaniuliza kama nimekuja kupimwa presha.

Wiki hiyo nilisoma barua zote nilizokuwa nimezikataa, kutoka salamu hadi jina la mwisho. Nilishukuru kuona kwamba nyingi zilikuwa kweli ploti na vichekesho. Mbali na zile za yule mama, mbili zilikuwa na maswali ya programu, na waandishi wake walikuwa wamejitoa kundini. Niliwaandikia wote wawili kuomba msamaha. Mmoja alijibu kwamba tatizo lake alilitatua zamani, na kama nafasi bado ipo angependa kurudi. Nikamrudisha siku hiyo hiyo. Wa pili hakujibu, na simlaumu.